Tangaza aina ya data mapema

Ukiandika programu ya kuhesabu magunia ya viazi ya wakulima wa Uyole, kumbuka kwamba thamani inayosomwa kutoka kwenye fomu ya kivinjari kwa kawaida huifikia JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, ikiwa maandishi, kwa hiyo ukijumlisha "20" na 5 hupati 25 bali "205", tena bila onyo lolote. Kosa hilo huweza kujificha hadi siku ya malipo, mkulima akiwa amesimama mbele yako, jambo ambalo mimi naona halivumiliki. TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript na kutangazwa na Microsoft mwaka 2012, hukagua aina za data (kama namba au maandishi) kabla programu haijaendeshwa: ukitangaza kwamba idadi ni namba, kisha ukaipa maandishi ya fomu, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako, hukuonyesha kosa ungali mezani, nawe unalazimika kuyageuza kwanza kwa Number().

Kwa hesabu fupi ya jioni moja, Python, lugha nyingine ya programu, bila kutangaza aina inatosha na huharakisha kazi. Programu ikikua, tumia vidokezo vya aina (type hints) vilivyoingizwa katika toleo la 3.5 la Python mwaka 2015, lakini uvikague kwa mypy, zana ya kukagua aina, kwa sababu Python yenyewe haivitekelezi inapoendesha programu.