Kabla hujatuma pesa: namna ya kusoma habari za vichocheo vya ukuaji kwa ALS

Mimi ni mfamasia, na kaka yangu anaugua ALS, ugonjwa unaoua neva za mwendo. Jamaa hawaishi kunitumia habari za protini fulani iliyookoa neva za panya, na chini yake swali: "Tumnunulie?" Hivi ndivyo ninavyozisoma kabla ya kuwajibu.

Tafuta kwanza jina. "Kichocheo cha ukuaji", yaani protini inayozisaidia seli kukua na kuishi, hakitoshi kama jina, kwa sababu kila kimoja kina kipokezi chake, protini ya juu ya seli inayokinasa. NGF, kilichowapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986, hutunza zaidi neva za maumivu na za simpathetiki, zile zinazoendesha mambo kama mapigo ya moyo bila wewe kuamua. Ukiona kinauzwa kwa ajili ya ALS, shtuka. Kwa neva za mwendo majina ya kutafuta ni BDNF, GDNF, CNTF, IGF-1 na VEGF.

Halafu angalia kama mwandishi anajua kinavyofanya kazi. Tuchukue BDNF. Kwenye ncha ya neva hunasa kipokezi kiitwacho TrkB. Vipokezi viwili huungana, vikaamshana, na ishara zikaanza kupita ndani ya seli. Njia moja hupitia protini ya Akt, ambayo huzizuia protini zinazoiamuru seli ijiue. Nyingine hufika kwenye kiini na kuziwasha jeni za kuiweka hai. Tatizo ni umbali: kiini kiko kwenye uti wa mgongo, ncha iko mguuni, na kati yao aksoni, uzi mrefu wa neva, yaweza kukaribia mita moja. Kwa hiyo kichocheo na kipokezi chake hufungwa ndani ya kifuko kidogo, kikabebwa kupanda hadi juu. Kwa panya wa ALS, ubebaji huo huzorota mapema. Habari isiyogusa jambo hili hata kwa sentensi moja huwa siipi uzito.

Swali ninalolipa muda mwingi zaidi ni hili: dawa ilifikishwaje? Uwezo wa protini hizi sina shaka nao. Kwenye sahani ya maabara zinaokoa neva kweli. Kinachozishinda ni njia. BDNF ilidungwa chini ya ngozi kwa wagonjwa 1,135, na matokeo yaliyotoka mwaka 1999 hayakuonyesha nafuu kwa kundi zima. Ni protini kubwa, haivuki kirahisi kizuizi kati ya damu na ubongo. Ikatiwa kwenye maji ya uti wa mgongo, nako ikashindwa. Hunata juu juu ya uti wa mgongo bila kupenya ndani. CNTF ilileta kikohozi, homa na kukonda, na mgonjwa wa ALS ni mtu asiyepaswa kupoteza hata kilo moja. IGF-1 ilitia moyo katika jaribio la Marekani mwaka 1997, la Ulaya halikuthibitisha, na la tatu, la watu 330, lililochapishwa mwaka 2008, halikuona tofauti.

Ndiyo maana siku hizi utasoma kuhusu seli zinazopandikizwa ili zitengeneze kichocheo palepale. Kituo cha Cedars-Sinai kiliweka seli zinazotoa GDNF kwenye uti wa mgongo wa wagonjwa 18, na ripoti ya mwaka 2022 ilisema seli hizo ziliishi na GDNF ikatoka. Lilikuwa jaribio la usalama. Usisome "ni salama" ukasikia "inaponya".

Mwisho, walipima nini? Mwaka 2007 watafiti waliweka seli za GDNF kwenye uti wa mgongo wa panya wenye ALS. Neva nyingi zikabaki hai, lakini miguu ikaendelea kupooza, kwa kuwa maungio ya neva na misuli yalikuwa yameachana. Mwaka uliofuata walidunga seli zinazotoa GDNF kwenye misuli yenyewe. Maungio yakashika zaidi na panya wakaishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo hesabu ya seli zilizookoka hainitoshi. Nataka pumzi, muda wa kuishi, na alama za ALSFRS-R, kipimo cha mambo ambayo mgonjwa bado anaweza kufanya, ambacho alama zake za juu kabisa ni 48. Nataka pia kujua panya walipewa lini. Wengi hupewa kabla ya dalili, wakati binadamu hufika kwa daktari neva nyingi zikiwa zimeshakufa.

Vidonge vya BDNF sivijadili kabisa: protini ukiimeza, tumbo huimeng'enya. Na kliniki ikidai ulipe ndipo mgonjwa aingie kwenye "jaribio" la seli shina, omba namba ya usajili wa jaribio na jina la kamati ya maadili iliyoliidhinisha. Mpelekee daktari wake vyote viwili kabla ya kutoa senti, na riluzole, dawa ya ALS, isiachwe mkiwa mnasubiri jibu.