Ukiwa chini ya hudi, "haya" sio jibu

Hii ni ya nyinyi mnaoanza masomo ya IFR, yaani kurusha kwa kufuata vyombo bila kutegemea kuona nje, kwa Cessna na Piper ndogo hapa Uganda, muwe mnapaa Entebbe, Kajjansi ama kule Soroti, ambako chuo kilianzishwa 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Kokpiti zetu zimechanganyika, mwanafunzi Mganda, kapteni Mkenya, nyuma amekaa Mtanzania anasubiri zamu yake, redio ni Kizungu lakini humo ndani tunaongea Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kila mtu ana chake. Shida inaanzia hapo.

Siku yangu ya nne chini ya hudi, ile kofia inayokuziba usione nje ubaki na dashibodi tu, kapteni alitaka kuonyesha kitu akasema "lete kidogo", nikaachia yoki, ule usukani wa ndege. Alipomaliza akasema "haya". Mimi nikasikia haya ya "nimeelewa, tulia", kumbe yeye alimaanisha haya ya "chukua". Kwa sekunde kama ishirini hio ndege haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa imetrimiwa vizuri ikakaa tu, halafu bawa la kushoto likaanza kulala polepole, hedingi, ule mwelekeo wa ndege, ikatoka 090 ikaja 060, futi mia mbili zikaenda, mimi naangalia najua kapteni anageuka, yeye anaangalia anajua ni mimi nageuka vibaya na ananiacha nijionee. Ndio akauliza kwa upole kabisa, "Kwani nani anarusha?"

Kwa hivyo kabla hata ya kuwasha injini mkubaliane maneno. Ya kukabidhiana ndege muache kwa Kizungu vilevile, msitafsiri: anayetoa anasema "you have control", anayepokea anashika yoki kwanza ndio anajibu "I have control", yule wa kwanza anarudia tena "you have control" halafu ndio anaachia. Mara tatu, kila wakati, hata kama ni kuokota kalamu iliyoanguka. "Haya", "sawa", "eeh" na "poa" ziache kwa kantini.

Kuna mbili mbaya zaidi ya hizo, shika na shuka. Zisikilize ndani ya hedseti ya zamani na injini inanguruma mbele yako, tofauti ni herufi moja tu. "Shika elfu tano" na "shuka elfu tano" ni maisha mawili tofauti. Sisi tuliamua kushuka kunaitwa "descend" na kukaa pale pale kunaitwa "maintain", basi, na namba zote tunazitaja kwa Kizungu kama redio inavyozitaja ili kichwa kisifanye kazi ya kutafsiri huku kinasoma altimita, kile kipimo cha urefu wa kupaa.

Na msifikiri ni udhaifu wa Kiswahili. Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili ziligongana ranwei kwenye ukungu wakafa watu 583, na ndani ya ile mkanganyiko taua, ule mnara wa kuongoza ndege, ilikuwa imejibu "OK" kwa ndege iliyokuwa tayari imeanza kukimbia ranwei ipae, maneno yaliyofuata yakafunikwa kwa sababu mwingine aliongea wakati huohuo. OK ni sawa yao.

Redio sasa. Andika klirensi, ile ruhusa na maelekezo ya taua, kwa karatasi ya gotini kabla hujaisoma, usitegemee kumbukumbu, halafu urudishe namba zote: altityudi, hedingi, ranwei, kodi ya transponda, kile chombo kinachoitambulisha ndege kwa rada, na QNH, ile namba ya mgandamizo wa hewa ya kuweka kwa altimita. Hio QNH watu wanaidharau sana. Ndege zetu nyingi ni za Kimarekani, kale kadirisha ka altimita kana inchi, taua inakupa hektopaskali, 1015 inakuwa 29.97, na ukikosea ukaweka 1025 altimita itakudanganya karibu futi 300, inasema uko juu kumbe uko chini. Entebbe yenyewe kiwanja kiko zaidi ya futi 3,700 kutoka usawa wa bahari kwa hivyo usione elfu nne kwa altimita ukadhani una nafasi kubwa. Kama hukusikia namba sema "say again". Usibahatishe eti usionekane mshamba.

Saa nazo zinatuchanganya sisi peke yetu. Ripoti ya hali ya hewa ikiandikwa 0500Z, Z ikiwa saa ya dunia nzima ya marubani, saa ya ukutani ni 08:00, na mama yako nyumbani anasema saa mbili. Saa tatu tofauti kwa dakika moja! Niliwahi kusoma ripoti ya usiku nikidhani ni ya asubuhi hio hio, wakati Ziwa Victoria ndio linapenda kupika mvua zake za radi usiku mpaka alfajiri. Ukizungumza hali ya hewa na kapteni taja Z na namba, Kiswahili cha saa ni cha kupangia chai.

Jambo lingine ni heshima. Kapteni ni mzee wako na hujalelewa kumwambia mzee amekosea, naelewa. Usimwambie amekosea, msomee namba: "Kapteni, naona five thousand two hundred, tulipewa five thousand five hundred." Namba haina dharau. Asipojibu rudia kwa sauti, akinyamaza tena muulize kama yuko sawa na ujiandae kurusha.

Yeye naye kazi yake wewe ukiwa chini ya hudi ni kuangalia nje, sio simu. Karibu na Kampala kuanzia kama saa nne asubuhi kaloli, wale korongo wakubwa wa majalalani, wanapanda na joto wakizunguka bila haraka, na hao wana kilo kadhaa kila mmoja, kioo cha mbele hakiwezi. Akiona kitu aseme "traffic, I have control", maelezo baadaye.

Mkubaliane pia lipi ni zoezi na lipi ni kweli. Akifunika jairo yako, kimoja cha vyombo vya dashibodi, aseme "simulated". Kikitokea cha kweli neno ni moja tu, "real", na hudi inatoka hapo hapo. Muhimu hasa mkipaa ranwei 17 Entebbe, mbele yenu ni ziwa tupu, siku ya ukungu maji na mbingu rangi moja, hata bila hudi huoni upeo wa macho. Sikio la ndani litakuapia kwamba mnageuka kumbe mko sawa, ama kinyume chake. Marekani 1954 walijaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wastani wao kabla ya kupoteza ndege ilikuwa sekunde 178. Kwa hivyo ukihisi kizunguzungu kitaje kwa mdomo, "nina leans", yaani nahisi tumelala upande, usikae nayo kimya.

Na redio ikikatika, rusha ndege kwanza. Halafu angalia jeki ya hedseti, mara nyingi goti limeichomoa, kisha voliumu, rudi frikwensi ya mwisho, jaribu 121.5, ile frikwensi ya dharura. Ikigoma weka 7600 kwa transponda, kodi ya redio iliyokufa, na kama nje kunaonekana baki kunakoonekana, nenda kiwanja cha karibu kinachofaa, macho kwa taua. Taa ya kijani isiyomemetameta ndio ruhusa ya kutua.