Kumlinda msanii siku ya shoo: kazi ya baunsa tangu ukaguzi hadi hotelini

Fika uwanjani mchana, mafundi wakiwa bado wanafunga spika na hakuna shabiki hata mmoja. Tembea kwa miguu njia yote atakayopita msanii: kutoka gari litakaposimama hadi chumba cha kubadilishia nguo, hadi ngazi za jukwaa, kisha urudi. Hesabu sekunde. Njia ya sekunde 40 pakiwa patupu itakula dakika kadhaa watu wakijaa, kwa hiyo kama ni ndefu, mwambie promota mapema aongeze uzio wa vyuma pande zote mbili.

Kila mlango ujaribu kwa mkono wako uone unafungukia wapi. Unaofungukia nje hautafunguka watu wakiuegemea kutoka nje. Geti la nyuma likiwa na kufuli, mjue mwenye ufunguo kwa jina na namba ya simu, na umwombe kufuli lining'inie wazi muda wote wa shoo huku mtu akisimama hapo. Kufuli hilo limewaponza wengi: msanii keshashuka, mashabiki wako nyuma yake, na mwenye ufunguo hayupo. Ngazi za jukwaa nazo mara nyingi ni za kuungaunga na hazina taa. Bandika utepe mweupe kwenye ukingo wa kila kidato, nyaya zilazwe pembeni.

Gari liingie kinyumenyume, likitazama barabarani, tangi likiwa nusu au zaidi. Dereva akae kwenye usukani tangu wimbo wa mwisho kuanza, injini ikiunguruma. Mapema siku hiyo mwende naye hadi hospitali ya karibu inayopokea dharura usiku, muijue njia. Usitegemee simu ya kawaida kuwasiliana, maana uwanja ukifurika mnara huzidiwa na simu hazitoki. Tumieni redio za upepo na maneno mafupi mliyokubaliana: "tunatoka", "simama", "njia mbaya".

Sasa kutembea na msanii. Ukiwa peke yako, kaa nyuma ya bega lake, umbali wa mkono mmoja. Mkiwa wawili, mmoja atangulie hatua mbili afungue njia, wa pili afunge nyuma. Mkiwa wanne, mzungukeni mbele, nyuma, kushoto na kulia. Wa nyuma anaweka kiganja cha kushoto mgongoni mwa msanii, juu kidogo ya mkanda, ili amsukume taratibu au amvute ghafla bila kupiga kelele. Mkono wa kulia unabaki wazi, kiganja kimefunguliwa usawa wa kifua. Kiganja wazi kinazuia na hakitishi. Ngumi inaita ngumi. Sema na watu huku mkitembea: "Samahani kaka, naomba njia", "Dada, tunapita". Wengi hupisha wakiombwa. Wanaosukumwa husukuma.

Macho yako yaangalie mikono ya watu kabla ya nyuso zao, kwa sababu anayetaka kudhuru atatumia mkono. Mwangalie aliyevaa koti zito kwenye joto la Dar es Salaam la Februari, anayemwangalia msanii bila kuimba wala kutabasamu wenzake wakishangilia, na yule uliyemwona getini, ukamwona hotelini, na sasa yuko hapa tena. Mtu akiomba selfi, simama upande wa pili wa msanii na uzuie mkono usimzunguke shingoni. Saa, hereni na cheni vivuliwe kabla msanii hajaenda kugusana mikono na watu wa mbele. Cheni inapokwapuliwa huchana ngozi ya shingo.

Hapo mikono yako lazima iwe mitupu. Baunsa aliyebeba begi la nguo, simu tatu na chupa ya maji amegeuka mpagazi, na meneja anayempa mizigo hiyo anamwacha msanii wake bila ulinzi. Likatae jambo hili kwa heshima siku ya kwanza ya makubaliano.

Msanii akiwa jukwaani, simama pembeni, nje ya mwanga. Shabiki akipanda, mshike kiunoni kutoka ubavuni, mgeuze, mkabidhi mwenzako wa chini. Usimkabe shingo wala usimtupe. Ukimwangusha akavunjika, kesi ya kudhuru mwili ni yako. Bastola iache kabisa hata kama unayo kwa kibali halali: katikati ya umati inaweza kunyang'anywa, na risasi moja ikilia, mkanyagano utaua zaidi ya risasi yenyewe.

Umati wenyewe uutazame pia, maana taa humpiga msanii machoni na haoni chini. Watu wakianza kuyumba kwa pamoja kama mawimbi, wa mbele wakigeuzia jukwaa mgongo, mikono ikipandishwa kifuani kutafuta nafasi ya kupumua, mpe ishara mliyokubaliana asimamishe muziki. Houston, Marekani, tarehe 5 Novemba 2021, watu 10 walikufa kwa kubanwa kwenye tamasha la Astroworld.

Huduma ya kwanza jifunze kwa vitendo. Mwanamuziki wa Kongo, Papa Wemba, alianguka jukwaani Abidjan, Ivory Coast, tarehe 24 Aprili 2016 akiwa anaimba, akafariki. Mtu akianguka, haitiki na hapumui kawaida, mmoja aite gari la wagonjwa na wewe uanze kubonyeza katikati ya kifua: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefunzwa kupulizia pumzi, toa pumzi 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Mpokezane kila dakika 2, kwa sababu mikono iliyochoka haifikii kina hicho.

Shoo ikiisha, walinzi hulegea, na hapo ndipo pa kukaza. Mwimbaji Christina Grimmie alipigwa risasi Orlando, Marekani, tarehe 10 Juni 2016 akisalimiana na mashabiki baada ya kuimba. Mikoba ilikaguliwa mlangoni, miili haikupekuliwa. Kama kuna kusalimiana, weka meza kati ya msanii na watu, foleni ya mtu mmoja mmoja, upekuzi kabla ya foleni, na wewe ubavuni mwake, si nyuma ya kiti.

Hotelini, chumba kiandikwe kwa jina la meneja, kiwe juu ya ghorofa ya chini, na chako kitazamane nacho. Ingia wewe kwanza: bafuni, kabatini, nyuma ya mapazia, kitasa cha dirisha. Kisha mpishe msanii aingie, na usubiri koridoni hadi usikie amefunga komeo.