Sumu ya panya haimuui panya peke yake
Mwenye paka au mbwa, kabla hujaweka sumu ya panya nyuma ya friji, fikiria nani mwingine hupita huko usiku. Zile punje za waridi au kijani mara nyingi huchanganywa na nafaka ili zivutie, na mbwa huzila kama panya tu. Paka naye anaweza kudhurika kwa kumla panya aliyekwisha kula sumu.

Nyingi za aina hiyo huzuia damu kuganda. Ubaya wake, mnyama hucheza kama kawaida siku mbili tatu, hata zaidi, ndipo fizi zinapauka, anahema kwa shida au unaona damu kwenye kinyesi. Usisubiri hayo. Ukikuta pakiti imetafunwa, ibebe hiyo hiyo pamoja na mnyama mpaka kwa daktari wa mifugo, maana jina la sumu lililoandikwa pale ndilo litakalomwongoza. Kwa sumu hizi kuna tiba, vitamini K1, ila huenda ikaendelea wiki kadhaa. Maziwa na mafuta ya kula tunayoyakimbilia hayaondoi sumu, na mafuta yanaweza kuingia mapafuni.

Na jamani, paka akiumwa msimpe Panadol! Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

Mimi siku hizi natumia mtego wa waya, na unga naufunika kwenye ndoo. Panya hawajaisha, lakini wamepungua.