Kulala Ndani ya Gari Pwani ya Malindi: Uliza Maji Kwanza

Safari ya gari peke yako kutoka Malindi kwenda kaskazini ni tamu, na sisemi usiende. Nenda. Lakini aliye peke yake hana wa kumsukumia gari, hana wa kumwamsha usiku, wala hana wa kumwambia "hapa mimi sipapendi, tusogee". Mambo ambayo watu wanne wangeyamaliza kwa kusaidiana, wewe yamalize kabla hujatoka nyumbani.

Madogo kwanza. Spea iwe na upepo. Haitoshi kuwa nayo, ishushe uikague. Jeki na spana ya magurudumu viwe vyako na uwe umeshavitumia. Beba kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, maana mchangani jeki huzama yenyewe na gari likabaki pale pale. Jampa, kamba ya kuvutia, sepetu, pampu ya upepo, tochi ya kuvaa kichwani. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani utahitaji, kwa sababu visima vingi vya huku ni vya maji ya chumvi. Mafuta jaza Malindi mjini. Noti ndogondogo mfukoni, hata kama M-Pesa imejaa, kwa sababu mtandao ukipotea muuza madafu hawezi kukusubiri. Na kila jioni mpigie mtu mmoja umwambie unalala wapi, kwa jina la kijiji. "Huko mbele kidogo" si jina la kijiji.

Usingizi wa ndani ya gari una sheria zake. Usilale injini inanguruma ili upate kiyoyozi, na usiingize jiko la makaa ndani hata kama mvua inanyesha na unatamani chai. Moshi wa vyote viwili una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na aliyelala haamki kuistukia. Pwani joto litakulazimisha kufungua vioo, na vioo wazi ni mbu, na mbu wa huku ni malaria. Nunua chandarua, ukate vipande vya ukubwa wa madirisha, uvibane kwa sumaku kwa nje. Jaribu kuvifunga nyumbani mchana, usije ukaanza kubahatisha gizani mbu wakiwa wameshaingia. Na usiegeshe chini ya mnazi. Kivuli chake kizuri, lakini nazi ikianguka haichagui kati ya kioo cha gari na kichwa cha mtu.

Vituo vya njiani vipange kwa saa, maana kila kimoja kina wakati wake. Ukianzia kusini, ingia Gede asubuhi kabla jua halijakaza. Ule ni mji wa Waswahili wa karne nyingi zilizopita, una msikiti, kasri, visima na vyoo, ukahamwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wareno walikaa Malindi, safari fupi tu kutoka hapo, lakini hawakuuandika popote. Funga vioo vyote unapoegesha, kima wa pale wanajua mkate ulipo.

Malindi mjini, nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa mwaka 1498, inakutosha nusu saa. Ukivuka daraja la Sabaki utafika Mambrui, mji wa zamani wa Kiislamu. Vaa kwa heshima unaposhuka garini, na ukikuta ni saa ya swala ya Ijumaa usiegeshe karibu na msikiti. Kando ya Sabaki kwenyewe usilale kamwe. Mto huo una viboko, na kiboko hutoka majini usiku kula majani. Mbele kidogo ni Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, na milima myeupe ya chumvi unaiona tokea barabarani. Ukiingia Ngomeni, simama uangalie baharini: yale majukwaa ya chuma ni ya kituo cha Waitaliano, San Marco, kilichokuwa kikirusha setilaiti hadi mwaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei angani, na ikaitwa Uhuru. Watu wengi waliozaliwa Kilifi hawalijui jambo hili, na linaniuma, kwa hiyo simama. Kituo chenyewe usikisogelee wala kukipiga picha bila kuuliza.

Marafa iache kwa jioni. Lile bonde la Nyari, lenye kuta za udongo mweupe, mwekundu na wa machungwa, mchana ni tanuri, ila jua likianza kushuka rangi zake zote hutoka. Lipa kiingilio, chukua kijana wa pale akuongoze, na umwache akusimulie habari za tajiri aliyeoga maziwa na nyumba yake ikamezwa na ardhi. Usisimame ukingoni ili upate picha. Ule ni udongo unaoliwa na mvua kila mwaka, na ukingo ulioushika leo mwakani haupo.

Sasa jambo kubwa, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Maji.

Mgeni wa bara anajua kwamba bahari hujaa na kupwa. Asilolijua ni kwamba haijai sawasawa kila siku. Kuna bamvua na kuna maji mafu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake. Maji hupwa mbali sana, kisha hurudi na kupanda juu sana, tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haitoki sana wala haipandi sana. Na pwani yetu hii bamvua lina saa zake: maji hujaa karibu na saa kumi jioni, hupwa karibu na saa nne usiku, na hujaa tena karibu na saa kumi alfajiri. Soma saa hizo mara mbili. Mtu anayefika ufukweni saa mbili usiku siku ya bamvua anakuta bahari inakwenda zake, mchanga mpana, mgumu, umenyooka, mbalamwezi juu. Hakuna mahali panapovutia kulala kuliko hapo, na hakuna mahali pabaya zaidi.

Kijana mmoja alikuja upande wa Mambrui namna hiyo hiyo, peke yake, na gari dogo la chini. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikunja nyavu zake alimwendea.

"Kijana, hapo ulipo ni pa maji."

"Shikamoo mzee. Maji si yako kule mbali?"

"Marahaba. Saa hii yako kule."

Kijana alimshukuru, akasogeza gari kidogo, hatua chache tu, kwa adabu. Alidhani ametii. Mzee naye alidhani ameelewa, akaenda kulala. Sikumlaumu yeyote kati yao: mmoja alisema yote anayoyajua kwa maneno machache, mwingine hakuwa na pa kuyaweka maneno yale.

Wavuvi walipotuita kwenda kuvuta, alfajiri ilikuwa haijapambazuka vizuri. Wimbi likija linapanda hadi kwenye taa, likirudi linachota mchanga chini ya magurudumu, na kila mara gari linakwenda chini zaidi. Kandambili zake zilikuwa zinaelea ndani, zinagonga kiti cha nyuma. Alikuwa ameamshwa na sauti ya maji chini ya sakafu, akafungua mlango kuangalia, bahari ikaingia. Kisha akafanya ambalo kila mtu angelifanya, akawasha gari na kukanyaga mafuta. Magurudumu yakajichimbia hadi gari likakaa kwa tumbo, na injini ikavuta maji. Tulisukuma mpaka mikono ikafa ganzi, halikusogea. Ilibidi tusubiri maji yatoke yenyewe, tuchimbe, na trekta ije ilivute asubuhi. Fundi alipofungua oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Gari lile halikupona. Chumvi ilikwishaingia kwenye nyaya, na kijana akaliuza kwa wauza spea. Mwenyewe alitoka mzima, na ndicho tulichokishukuru.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujapanga tarehe, angalia mwezi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani amemaliza kazi: tarehe mosi hadi ya nne ya mwezi wa Kiislamu, na ya kumi na nne hadi ya kumi na saba au kumi na nane, hesabu kwamba ni bamvua. Mabamvua ya Machi na Septemba ndiyo makubwa kuliko yote. Ukifika ufukweni, tafuta alama za maji wewe mwenyewe, mchana, kabla giza halijaingia. Utaona mstari wa mwani mkavu, makome, vijiti na vipande vya chupa. Mara nyingi mistari ni miwili au mitatu. Wa juu kabisa ndio ulioachwa na bamvua. Panda juu ya huo, upite mpaka inapoanza mimea ile inayotambaa mchangani yenye maua ya zambarau. Mimea hiyo haikai mahali panapolala maji. Hapo lala. Kisha muulize mvuvi, na usimuulize "hapa ni salama?", kwa sababu atakujibu kwa heshima tu. Muulize: "Leo maji yatajaa saa ngapi, na yatafika wapi?" Mwambie akuonyeshe kwa kidole.

Na uliza pia ardhi ni ya nani. Mzee wa kijiji au wavuvi wa bandani watakuonyesha pa kulala, na ukishalala kwa ruhusa yao wewe ni mgeni wao, watu watakuangalilia gari bila hata kuombwa.

Ukinasa mchangani, acha kukanyaga mafuta. Punguza upepo wa magurudumu yote hadi kama 18 kwa kipimo cha PSI, ondoa mchanga mbele ya kila gurudumu, tandika makuti au mikeka ya gari, utoke polepole. Jaza upepo kabla hujarudi kwenye lami. Maji ya bahari yakiingia ndani ya gari, usiwashe kabisa; toa waya wa betri, livutwe, lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi ndani na chini, fundi amwage oili kwanza. Hata kama umepita tu kwenye mchanga wenye maji, osha chini ya gari siku hiyo hiyo.

Ukitaka kufika Lamu, jua kwamba gari linaishia Mokowe, bara. Kisiwani unavuka kwa boti. Njia ya Garsen, Witu na Hindi ina lami nzuri, lakini imewahi kushambuliwa, na watu wamekufa. Uliza polisi Garsen hali ilivyo siku hiyo hiyo, pita mchana, simama kwenye kila kizuizi, na usilale garini popote kati ya Garsen na Mokowe. Hilo halina mjadala.

Mvua za masika usiache lami kwenda ndani, udongo hugeuka utelezi na barabara za Tana hufunikwa na maji. Usiku usiendeshe ikiwa unaweza kukwepa: kuna malori ya chumvi yasiyo na taa za nyuma, bodaboda upande usio wao, punda na mbuzi waliolala juu ya lami yenye joto, na matuta ambayo rangi yake ilishafutika. Ukiombwa lifti na usiyemjua, fikiri. Ukipewa chakula na wenyeji, kula. Dawa zako za kila siku ziweke mahali pasipo na joto, na funguo ya pili usiiache ndani ya gari.