Namna ya kupunguza safari tupu za malori

Lori linaporudi bila mzigo, mshahara wa dereva haupungui, matairi yanaendelea kulika, na siku iliyotumika barabarani haiwezi kuuzwa tena kwa mteja mwingine. Dizeli hupungua, lakini haipungui kwa kadiri ya uzito ulioshushwa, kwa kuwa injini bado inalazimika kulivuta lori lenyewe na tela lake na kupambana na upepo njia nzima.

Anza kwa kupima. Kila dereva aandike namba ya odomita, yaani kipimo cha kilomita cha lori, anapotoka yadi, anapomaliza kupakia, anapomaliza kushusha, na anaporejea yadi. Jumlisha kilomita zilizotembewa bila mzigo, zigawe kwa kilomita zote, kisha zidisha kwa 100. Fanya hesabu hiyo kwa kila njia na kwa kila lori peke yake, kwa sababu wastani wa kampuni nzima huweza kuonekana mzuri ilhali kuna njia moja inayokula faida ya nyingine zote.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni wakati wa kutafuta mzigo wa kurudi. Wamiliki wengi husubiri mpaka lori limeshashusha ndipo waanze kupiga simu, na hapo dalali huona wazi kwamba dereva amekwama, akakata bei atakavyo. Utafutaji uanze siku ileile mzigo wa kwenda unapothibitishwa, na taarifa unayotoa iwe kamili: lori litakuwa wazi mahali gani, siku gani na saa ngapi, tela ni la aina gani na lina urefu gani, na linaweza kubeba tani ngapi. Wa kwanza kuulizwa awe yule anayepokea mzigo wako. Kiwanda kinachoshusha malighafi kwa kawaida kina bidhaa zinazotoka, na msimamizi wa ghala anayesaini hati ya kupokea ndiye anayejua ni nani huzisafirisha na ni siku zipi magari huwa hayatoshi. Baada yake waulize wateja wako wa zamani, kisha wasafirishaji ambao mizigo yao mikubwa huelekea upande ulio kinyume na wako, na mwishoni madalali na majukwaa ya mizigo ya mtandaoni.

Usidai kwamba mzigo wa kurudi lazima upatikane palepale uliposhusha. Chukua mfano wa lori linalopeleka mzigo kilomita 400 na kurudi tupu kwa njia ileile: nusu ya safari haina malipo. Sasa lori hilohilo, baada ya kushusha, liende tupu kilomita 90 hadi mji wa tatu, lipakie hapo na kurudi nyumbani kilomita 360 likiwa na mzigo. Mzunguko umekuwa wa kilomita 850 badala ya 800, lakini kilomita zisizolipwa zimeshuka kutoka 400 hadi 90, yaani kutoka nusu ya mzunguko hadi takriban asilimia 11 yake.

Hata hivyo, si kila mzigo wa kurudi unafaa kuchukuliwa. Bei yake inapaswa, kwa uchache, kulipia dizeli ya ziada, kilomita za kuchepuka, gharama za kupakia na kushusha, na muda wa kusubiri. Muda ndio unaosahaulika zaidi: lori linalolala siku mbili likingoja mzigo wa bei ndogo huweza kukosa safari ya kwenda yenye malipo mazuri, kwa hiyo linganisha faida ya mzunguko mzima kwa siku, na ikibidi liruhusu lirudi tupu. Pale ambapo njia fulani haina mizigo ya kurudi kabisa, gharama ya kurudi iingizwe waziwazi katika bei ya kwenda.

Aina ya tela nayo huamua mengi. Lori la tangi la mafuta halitarudi na maziwa, na tipa lina mizigo michache ya kuchagua, ilhali tela la turubai hupokea karibu kila kitu kilichofungashwa. Lori la jokofu linaweza kurudi na bidhaa kavu, mradi zisiache harufu wala uchafu.

Kwa wanaobeba kontena za bidhaa zinazoingia nchini, ziombeni kampuni za meli kibali cha kuitumia kontena hiyohiyo kwa mzigo wa kusafirishwa nje kabla ya kuirudisha. Na lori linapovuka mpaka, soma sheria kabla ya kupakia mzigo wa ndani ya nchi ya kigeni, kwani nchi nyingi huzuia au kuwekea masharti kazi hiyo: katika Umoja wa Ulaya, lori la nchi mwanachama lililoshusha mzigo wa kimataifa katika nchi nyingine mwanachama huruhusiwa safari 3 tu za ndani katika siku 7. Hakikisha pia kwamba bima yako inaitambua bidhaa utakayorudi nayo, na mkataze dereva kupakia chochote ambacho ofisi haijakiandikia hati.