Somo: Kuonja na kulaza Pommard ingali changa

Pommard ni mvinyo mwekundu wa Burgundy, Ufaransa, kutoka kijiji kilicho kusini kidogo ya mji wa Beaune. Zabibu yake ni Pinot Noir, na udongo wa huko una mfinyanzi mwingi. Ikiwa changa hukaza mdomo, na wengi wakiionja mara moja husema imeharibika. Wanaionea.

Hatua ya 1. Ipoze hadi nyuzi 15 au 16. Mimina robo tu ya glasi pana. Rangi ikipitisha mwanga usihuzunike, Pinot Noir ina ngozi nyembamba.

Hatua ya 2. Nusa kabla ya kuzungusha glasi, kisha zungusha unuse tena. Tafuta cheri na matunda meusi.

Hatua ya 3, na hapa tukae. Piga funda dogo, lipitishe hadi kwenye fizi, kisha uteme. Ukakasi utakaokushika, kama umekula bibo, ni wa tanini, kemikali ya asili ya ngozi na kokwa za zabibu, pengine na vikonyo vyake. Sikiliza vizuri ukakasi huo. Ni laini kama unga uliochekechwa, au unakwaruza kama ndizi mbichi? Ukishapita, tunda limebaki ulimini? Likikaa sekunde kumi na zaidi, hiyo ni chupa ya kulaza, yaani kuitunza miaka ikomae. Ukibaki ukakasi mtupu, inywe mapema, kwani miaka haitaleta tunda ambalo halikuwemo.

Hatua ya 4. Laza chupa ubavu ili kizibo kisikauke, gizani, nyuzi 12 hadi 14, pasipo mtikisiko. Premier Cru, yaani mvinyo wa shamba la daraja la juu kama Les Rugiens, ya mwaka mzuri, ipe miaka 10 au zaidi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, niko Dar. Friji ya jikoni inafaa?
Kwa wiki chache, ndiyo. Kwa miaka, hapana: ni kavu na baridi mno. Juu ya kabati ndiko kubaya zaidi. Chupa yangu ya kwanza niliilaza huko msimu mmoja wa joto. Kizibo kikachomoza, mvinyo ukawa na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Niliumia sana. Bila friji ya mvinyo, nunua ya kunywa karibuni.

Nimefungua ya 2020, haitoi harufu kabisa. Nimeiharibu?
Hapana, ndugu yangu. Imimine kwenye jagi, iache saa mbili, na pika nyama ya ng'ombe kwa moto mdogo. Protini yake hulainisha tanini. Bakisha glasi moja chupani, izibe, uiweke kwenye friji. Ionje kesho jioni, halafu utuambie umekuta nini.